Siku Nora Entwistle Alipoishiwa Maneno

Ndugu, majirani, na ninyi mliosafiri kutoka London na mvua hii: ratiba mliyoishika ina wasifu mzuri ulioandikwa na binti wa marehemu, Hilary. Usomeni mkifika nyumbani. Unaosomwa sasa ni mwingine. Marehemu mwenyewe aliuagiza, na mdogo wake Wilfred, ambaye ndiye msomaji, alimwapia kwamba atausoma. Jana Hilary alimwambia, "Mjomba, waachie watu kumbukumbu yao nzuri." Jibu la mjomba ndilo hili, na Hilary atamsamehe akipenda.

Nora Entwistle alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 mjini Nelson, Lancashire, mtoto wa kwanza wa Harold Entwistle, mfumaji kiwandani, na Ada, aliyeuza pai za nyama dirishani pa nyumba. Alisoma shule ya kanisa, na mwaka 1949 akapata ufadhili wa shule ya wasichana. Hesabu zilimpiga chenga. Kwa kukariri, hata hivyo, hakuwa na mpinzani. Alikuwa akisikia mahubiri ya Jumapili mara moja tu, kisha anayarudia mezani yote, pamoja na kikohozi cha mchungaji, mpaka baba anapaliwa na pai.

Mwaka 1957 alikwenda London kutafuta kazi ya uigizaji. Chama cha waigizaji kilikuwa na Nora Entwistle mwingine, na chama hakikubali wawili wa jina moja, ndiyo maana wengi mlimjua kama Nora Vane. Mama alinuna mwaka mzima. "Kwani jina letu lina ukoma?" aliuliza. Kazi yake ya kwanza ya televisheni, Oktoba 1960, ilikuwa kuigiza maiti, na zama hizo michezo ilirushwa moja kwa moja. Alilala zuliani dakika sita, vumbi likamwingia puani, maiti akapiga chafya mbele ya nchi nzima. Aliyeigiza inspekta akageuka taratibu akasema, "Daktari, hebu mpime tena." Chekeni tu, yeye mwenyewe aliisimulia hadi uzeeni. Baadaye alicheza filamu ishirini na tatu: muuguzi, mpishi, mke wa polisi mara saba. Mwaka 1988 akapewa Bibi Agnes, mwenye posta ya kijiji katika tamthilia ya Jumapili jioni, na tangu hapo hakuweza kununua kabichi bila kuombwa stempu.

Tarehe 6 Juni 1964 aliolewa na Desmond Tattersall, fundi wa taa za studio, mtu wa maneno machache, aliyemchumbia kwa kumwambia, "Uso wako haunipi kazi." Hilary alizaliwa 1967. Desmond alitangulia Agosti 2003.

Sasa tufike kwenye ugonjwa. Mwanzoni mwa 2014 maneno yalianza kumpotea. Wilfred, mstaafu asiye na shughuli, alikuwa akimpeleka kazini kwa gari, naye ndiye aliyebandika vikaratasi vya maneno yake ya mchezo kila mahali nyuma ya kaunta ya posta: ndani ya droo, chini ya visahani, mgongoni mwa bahasha. Novemba daktari akautaja ugonjwa kwa jina lake. "Wakijua wataniondoa," Nora alisema garini. "Niache nimalize msimu huu, mdogo wangu. Nikae nyumbani nifanye nini, nikutazame wewe?" Hilary hakuambiwa. Wakauficha wawili tu.

Tarehe 12 Februari 2015 Bibi Agnes alikuwa amzike mumewe. Palikuwa makaburini, uwanda mtupu juu ya kilima, na kaunta haipo. Hapakuwa na mahali pa kubandika hata karatasi. Kwa wiki tatu Wilfred alikuwa amemkaririsha hotuba ile, na asubuhi hiyo aliisema yote mara mbili bila kukosea. Kisha kamera ikaanza kurekodi.

Akafungua mdomo, kimya. Akatazama jeneza, akatazama mikono yake. Akasema, "Nilikuwa na maneno yako. Asubuhi nilikuwa nayo. Yamekwenda wapi?" Akazungusha macho akitafuta mtu. "Hakuna anayejua?"

Maneno hayo hayakuwamo kwenye mchezo. Mwongozaji, Bwana Pelham, hakujua kilichotokea. Aliinua mkono, watu arobaini wasipumue, na machozi yakamtoka. Alipoushusha, kilima chote kililipuka makofi. Mwaka uliofuata Nora alipewa tuzo kwa dakika ile, ya kwanza katika miaka hamsini na tano ya kazi. Ratiba yenu inasema ulikuwa uigizaji bora wa maisha yake. Bwana Pelham yuko hapa leo, na hili analisikia kwa mara ya kwanza: haukuwa uigizaji.

Siku ile, wakirudi garini, Nora alisema: "Wilf, nilikuwa naomba msaada. Nao wakanipigia makofi."

"Najua, dada."

"Ulijua? Sasa mbona hukuja?"

"Kamera ilikuwa inarekodi."

Hakumkaripia. Aligeukia dirisha. Walipokaribia nyumbani ndipo alipomwapisha kwamba siku ya kumzika atawaambia watu ukweli. Hakutaka kusifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Tuzo aliiweka kabatini pamoja na viatu.

Aliacha kazi Mei 2015. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Januari 2019, saa nne asubuhi, katika nyumba ya wazee mjini Clitheroe. Miezi minane ya mwisho hakusema neno, lakini alipenda kushikwa mkono. Ameacha binti, Hilary. Wajukuu wawili, Imogen na Piers. Na mdogo wake.

Marehemu aliomba usemwe ukweli wake tu. Hili la mwisho ni la msomaji. Siku ile alisimama hatua nane kutoka kwa dada yake, alizihesabu baadaye, na ni yeye peke yake katika uwanda ule aliyejua. Aliona aibu kuharibu picha. Hatua nane, naye hakwenda.

Nora, pumzika. Hakuna anayekungoja useme neno.