Orrin Haugstad na Kondoo wa Chuma

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bwana Orrin Haugstad anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya bastola hapa Bitter Coulee, Montana. Namshukuru Mungu aliyetupa mtu huyu, ingawa kumwachia, jamani, si kazi ndogo.

Alianza kwa kufagia mabaki ya vyuma, akapanda hadi fundi mkuu wa mitutu, na hakuna bastola iliyotoka hapa bila yeye kuijaribu kwanza. Bastola zetu hubeba risasi moja tu, tena risasi ya bunduki. Wateja wapya humuuliza kwa nini mtu asinunue bunduki akapumzika. Huwajibu: "Na wewe mbona unavua kwa ndoano, na nyavu zipo?" Ila mashindano yetu ya kulenga shabaha yana sababu yake. Kondoo wa chuma, shabaha zetu za mbali zaidi, walioko mita mia mbili, hawahesabiwi kwa kuguswa, lazima waanguke. Risasi ya bastola ya kawaida huwapigia hodi tu, nao wamesimama.

Mchungaji Lindqvist alipokuja kujaribu, aliisogeza darubini ya bastola jichoni kama ya bunduki. Risasi ilipotoka, bastola ikamrudia kwa teke, na darubini ikamchora jeraha la mwezi mchanga juu ya nyusi. Orrin akampa kitambaa na kumwambia, "Mchungaji, hiyo ni ya kushikwa mbali. Nani kakwambia uibusu?" Jumapili ile tulihubiriwa na mtu mwenye plasta, na sikumbuki hata aya moja.

Lakini niseme la moyoni. Wanaolenga kondoo hulala chali, miguu ikielekea shabaha, mmoja umekunjwa, bastola imeegemezwa kwenye ngozi ya kinga iliyofungwa mguuni. Nyuma husimama mtu mwenye darubini, akimwambia risasi imetua wapi. Wa Orrin alikuwa mkewe, Darlene. Tangu tumzike, yapata miaka mitatu, Orrin alijaribu bastola za watu hapa kazini, lakini uwanjani hakukanyaga tena. Tulimkosa, na tuliogopa kwamba akistaafu hatagusa bastola kabisa.

Jumamosi iliyopita tulimwomba apige kwa kuagana nasi. Alikubali shingo upande. Mimi ndiye niliyeshika darubini. Alipiga, na kondoo hakutikisika. Nilinyamaza, maana niliona si haki yangu kusema mahali pa Darlene.

"Verna," akasema bila kugeuka, "umelala huko nyuma?"

"Naogopa kukukera, Mzee Orrin."

"Kimya ndicho kinachonikera, mama. Sema."

"Juu. Kidogo kulia."

Alivuta pumzi, akapiga. Kondoo aliyumba, akafikiri kidogo, akaanguka. Mlio wa chuma ulitufikia baadaye. Watu walishangilia, yeye akabaki chali anatazama mbingu. Nilipoinama kumsaidia akaniambia, "Ngoja kwanza. Nilikuwa nimemkumbuka sana Darlene." Kisha akauliza mashindano ya Julai ni lini.

Mzee Orrin, asante kwa mitutu iliyonyooka na kwa uvumilivu wako kwetu tuliopinda. Bwana akulindie mikono, macho na usingizi wako. Kiti chako kazini kitakaa wazi muda mrefu, lakini Julai, ukilala pale chini, mtu atakuwa nyuma yako, na atasema.

Verna Skaar, idara ya vipini