Miwani ya Fundi Mstari

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegemezwa kwenye ukuta wa kiduka cha ushonaji mkabala na posta. Kila asubuhi, kabla kazi hazijashika kasi, watu wanne wale wale walikutana hapo. Mwenye kiduka, aliyeitwa Mstari kwa jinsi mishono yake ilivyosifika kunyooka, alikaa karibu na mlango ili mteja akija amwone. Pembeni yake alikaa Rubani, ambaye hakuwahi kurusha ndege hata siku moja. Aliendesha kreni ya ujenzi mpaka akastaafu, na hadi leo aliongea kama mtu anayewatazama wenzake kutoka juu. Wa tatu alikuwa Jaji, kinyozi wa mlango wa pili, mwepesi wa kutoa hukumu kabla kesi haijasomwa. Na Shangazi, muuza kahawa, hakukaa kabisa, maana birika halikumruhusu, lakini hapakuwa na neno lililompita.

Asubuhi hiyo kulikuwa na barua. Mstari alikuwa ameipokea jana yake, akaisoma mara tatu, na sasa Jaji alikuwa anaisoma kwa sauti ya mahakamani.

— "Klabu yetu ya huduma kwa jamii inayo heshima kukualika uwe mgeni mzungumzaji katika mkutano wetu wa Alhamisi, saa saba mchana, ukumbi wa juu, jengo la benki. Tungependa utueleze, kwa dakika kumi, jinsi miwani uliyopata kwenye hema letu la kupima macho ilivyobadilisha kazi yako."

— Mgeni mzungumzaji! alisema Rubani. Mstari, umepanda cheo bila hata kushona suti yako mwenyewe.

— Ngoja kwanza, alisema Jaji. Hao watu mnawajua vizuri? Kila Alhamisi wanapanda ngazi, wanafunga mlango, halafu kengele inalia. Kengele ya nini? Darasa hakuna, moto hakuna. Hicho ni chama cha siri.

— Siri gani? Shangazi aliuliza huku akisuuza vikombe. Wodi ya wazazi pale kituo cha afya nani aliipaka rangi? Nilimwona daktari wa meno kwa macho yangu, yuko juu ya ngazi, kichwa kizima cheupe kwa rangi. Na kamusi za watoto wa shule zilitoka wapi?

— Ndiyo hapo sasa, alisema Jaji. Mtu mzima mwenye kazi yake anapandaje ngazi bure? Lazima kuna kiapo.

— Wanapenda tu kujua mambo, alisema Rubani. Juzi walimwita mfuga nyuki. Kabla yake mzima moto. Kabla yake yule mama anayepima kina cha mito. Watu na tai zao wanakaa kimya wanasikiliza habari za nyuki. Lakini kwa nini safari hii fundi? Hapo ndipo penye jambo. Nimefikiria. Hiyo miwani ina kitu ndani.

— Kitu gani?

— Kijidude. Mstari, yule muuguzi wa macho si alikaza kaza skrubu muda mrefu?

— Alikaza, alisema Mstari.

— Umeona! Kila unachokiona wewe, wao wanakiona kule juu. Alhamisi watakuita uthibitishe tu.

Jaji, aliyekuwa anacheka, alijikuta ameketi vizuri na kufunga kifungo cha shati. Rubani naye akainama mbele ya uso wa Mstari, akapunga mkono kwenye vioo.

— Hamjambo huko! Mimi ndiye Rubani. Na sisi huku tunahitaji benchi lenye kiegemeo!

Wote waliangua kicheko isipokuwa Mstari. Kwake yeye barua ile haikuwa na mzaha. Siku ya kwanza ya miwani alikuwa na furaha ya kutaka kulia: alitunga uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, akautoa, akautunga tena kwa raha zake. Siku ya pili alichukua sare ya shule aliyoimaliza wiki moja kabla, akitaka tu kubandika vifungo, akaona mshono wa ubavuni. Ulikuwa umeondoka vizuri kwapani, ukayumba, ukarudi, ukayumba tena. Alidhani ni ile moja. Akafungua kabati, akatoa ya pili, na ya tatu. Tangu hapo usingizi ulimpaa, na barabarani alikuwa anatazama migongo ya watu badala ya nyuso zao.

Sasa kola ya Rubani ilikuwa puani pake. Shati hilo alilishona mwenyewe, mwaka juzi. Alilishika kwa vidole viwili kabla Rubani hajarudi nyuma.

— Tulia, alisema.

— Nini, kuna mdudu?

— Tulia nakwambia.

Aligeuza kola, akafuata ukingo kwa ukucha. Kola ilikuwa imenyooka, hilo kweli. Lakini chini yake kulikuwa na safu ya vitundu vidogo ambako mshono wa kwanza ulipita, ukafumuliwa. Na uzi ulioshika sasa ulikuwa wa kijivu kilichokolea kidogo kuliko uzi wake.

— Huu uzi si wangu.

Rubani aliangalia posta. Jaji aliangalia viatu vyake. Birika la Shangazi lilichemka na hakulishughulikia.

— Nimeuliza, alisema Mstari, ingawa alikuwa hajauliza. Nani amelifumua shati hili?

— Kaka, Shangazi alisema taratibu, kunywa kahawa kwanza.

— Shangazi, na wewe?

Alijifuta mikono kwenye khanga, akawatazama wale wawili kama wangemsaidia. Hawakumsaidia.

— Lile gauni la harusi ya binti yangu. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Nilikupenda kaka, ningekwambiaje? Nilipeleka kwa yule binti fundi wa nyuma ya soko.

— Na suruali zangu, alisema Jaji.

— Zote?

— Tangu mwaka ule wa mafuriko.

— Alikuwa anajitahidi sana yule binti, alisema Rubani, sauti yake imeshuka chini kabisa. Alikuwa anatafuta uzi unaofanana na wako ili usije ukajua. Nadhani siku ya shati langu ulimwishia.

Mstari aliachia kola. Alihesabu kichwani tangu mafuriko: miaka minne. Miaka minne watu walimletea vitambaa, wakamsifu dukani, wakazunguka nyuma ya soko, wakarudi wamevaa, wakamwambia, Mstari mikono yako haina mpinzani. Na yeye aliitikia. Aliwahi hata kumcheka binti huyo mbele za watu kwamba hana wateja wa maana.

— Kwa hiyo soko zima lilijua, alisema. Akaingia ndani, akavuta mlango.

Alhamisi hakukaa benchini. Alipiga pasi shati lake, akafunga kifurushi, akapanda ngazi za jengo la benki peke yake. Ukumbini walikuwa watu kama thelathini. Kengele ililia kweli: mwenyekiti, mwenye duka la dawa, aliigonga kwa kinyundo kuwatuliza watu waliokuwa bado wanaongea na chakula mdomoni. Mwanafunzi mmoja alipewa cheti, mtu akakumbusha Jumamosi ya kufyeka njia ya zahanati, kisha wakamwita fundi.

Alikuwa ameandika shukrani kwenye karatasi. Alizisoma mstari mmoja, akaikunja karatasi. Akafungua kifurushi akatoa sare mbili.

— Hii niliishona kabla ya miwani yenu. Na hii baada. Tazameni.

Alizipitisha mezani. Mwanzoni walicheka kidogo, kwa wema, wakidhani ni utani wa fundi. Sare zilipofika katikati ya ukumbi kicheko kilikwisha.

— Nimeshona hivi miaka minne, alisema. Mimi nilijiona bingwa. Wenzangu walinificha. Walipeleka kazi yangu kwa mwingine aitengeneze, halafu wakanisifu. Kwa hiyo mmeniuliza miwani imebadilisha nini. Imebadilisha hivi: mwezi uliopita nilikuwa fundi mwenye jina. Leo ni mtu aliyekuwa anahurumiwa, na nawashukuru kwa hilo, ingawa bado sijajua nashukuru vipi.

Daktari wa meno alinyoosha mkono.

— Mzee, samahani. Ungepewa nafasi ya kurudi usione, ungerudi?

Mstari alivua miwani, akaitazama, akaivaa tena.

— Hapana, alisema. Maana jana nilikwenda kwa binti wa nyuma ya soko. Nilikwenda kumgombeza. Nikakuta ameweka kwenye kopo sindano zote zilizovunjika akitengeneza kazi zangu, na hajawahi kumwambia mtu. Nikamwomba radhi. Nisingeona, ningekufa bila kumwomba radhi.

Walisimama wote. Wakapiga makofi.

Muuguzi wa macho, mama mfupi mwenye hatua za haraka, alisisitiza kumsindikiza hadi dukani. Alitaka kuona mwanga unaingia upande gani, kwa sababu miwani bila mwanga ni nusu ya tiba. Walipofika, wale watatu walikuwa benchini ingawa haukuwa wakati wao, wakimsubiri. Rubani alisimama, akakaa, akasimama tena. Shangazi alijaza vikombe vitano bila kuulizwa.

— Karibu, mgeni, alisema Jaji. Umetuletea mtu wetu. Ameongeaje?

— Ameongea vizuri kuliko mfuga nyuki, alisema muuguzi.

Walicheka, na kile kicheko kiliwalegeza kidogo. Rubani akaanza kueleza jinsi walivyomlinda rafiki yao, jinsi hakuna hata mmoja aliyewahi kuteleza ulimi, kijiwe kizima, miaka minne. Alieleza kwa fahari fulani, kisha fahari ikamwishia njiani. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akapuliza kahawa yake.

— Lakini sisi hema letu tumeliweka pale kituo cha afya mwaka wa nne huu, alisema. Dakika tano kutoka hapa. Mwaka huu nimempata kwa sababu alikuja kuleta mapazia akajikwaa kwenye kamba ya hema. Kwa nini hamkumleta?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi.

 Jaji, ambaye hukumu zilimjaa siku zote, hakuwa nayo hata moja. Shangazi alitazama ndani ya birika. Mstari mwenyewe alisubiri, kwa maana alitaka sana kusikia, na kadiri alivyosubiri ndivyo alivyoona kwamba hawana jibu. Na kwamba hawakuwa wabaya. Na kwamba na yeye ana lake alilonyamazia.

— Jaji, alisema.

— Naam.

— Mkono wako wa kulia unatetemeka.

Kinyozi aliuficha mkono katikati ya magoti.

— Baridi.

— Si baridi, ndugu yangu. Wiki tatu sasa nauona. Nyuma ya sikio la Rubani kuna alama mbili za wembe. Na mimi nimekukimbia. Jumatatu nilinyolewa ng'ambo ya stendi, nikavaa kofia ili usijue.

 Rubani aligusa nyuma ya sikio lake, hakukana. Jaji alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaona kwamba wote walijua.

— Nilidhani wateja wamepungua kwa sababu ya mvua, alisema hatimaye.

Aliutoa mkono, akaunyoosha mbele yao wote, akauangalia. Ulicheza kama jani. Muuguzi aliushika, akaugeuza kiganja juu.

— Jumatatu asubuhi daktari yupo kituoni, alisema. Fika mapema.

 Sauti iliyomtoka Jaji haikuwa ile ya mahakamani.

— Mtu hawezi kwenda huko peke yake. Nani atanisindikiza?

Watatu walijibu "Mimi" kwa mpigo mmoja, hakuna aliyemngoja mwenzake.