Hali Kama Jana

Katika basi la kwenda mtaa wa Nyamirambo, muuguzi aliyevaa sare alikuwa akimsifia mzee wa pembeni yake kompyuta ya wodini, macho yake yakiwa kwenye simu. "Zamani wagonjwa kumi walinichosha, mzee. Sasa naandika ripoti za arobaini! Kama mtu hajabadilika, nabonyeza tu 'hali kama jana'."

Mimi niliyekaa nyuma yao nilidhani mzee amesinzia.

"Mke wangu aliandikiwa hiyo, hospitali ingine," alisema. "Siku ya tatu wakaandika hali kama jana, na mimi nishamfunga kidevu kwa kitambaa, maiti iko inangoja kubebwa."

"Kosa si la kompyuta, mzee."

"Sijasema ni la kompyuta."

Nikajifanya nasoma mabango ya nje. Basi liliposimama, mzee alishuka. Muuguzi aliinua macho amtazame kwa mara ya kwanza, akakuta kiti kitupu.