Hodi ya Nne

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya nitakayosema leo sitapata nguvu ya kuyarudia. Mustafa, mwana wa dada yangu, kaa hapa upande wa kichwa. Binti, dada yangu, acha kuchemsha maji, donda hili si la maji tena. Kaa chini uwe shahidi. Na wewe Hajra, mwanangu wa pekee, uliyeletwa na bodaboda kutoka Nachingwea mjini na tangu ushuke hujanipa hata salamu, kaa hapohapo kizingitini ulipo, unipe mgongo kama ulivyonipa tangu tulipomzika mama yako. Sikulazimishi kugeuka. Nimekuita kwa ajili ya mgongo huo.

Mimi Masoudi nimechoka, na uchovu wangu si wa jana wala wa juzi. Huko nje wanasema mzee anaogopa kufa. Waambieni kwamba mtu aliyefanya kazi yangu haogopi kulala, anaogopa kuamshwa.

Kazi yangu mnaijua, ila hamkuwahi kuisikia kinywani mwangu, maana ni kazi ya kufanywa na kunyamaziwa. Enzi za Karanga, mimi sijazaliwa, Wazungu waliotaka mashamba ya karanga walifunga minyororo ya meli kati ya katapila na katapila, wakaliburuta pori la Nachingwea kama mtu anavyoburuta mkeka, miti ikang'oka na mizizi yake. Wazee walisema kilichong'oka siku zile si miti peke yake. Karanga zenyewe hazikuwa za maana, Wazungu wakarudi kwao, minyororo ikabaki inaliwa na kutu, na vile vilivyokuwa vimelala chini ya mizizi vikabaki havina pa kulala. Tunaviita wageni, kwa kuwa jina lao halisi hatutaki kulijua. Mgeni hana umbo la kusimulia. Leo mrefu, kesho ameinama, ila harufu yake ni moja, ya udongo uliofukuliwa. Na hana sauti yake mwenyewe. Akimjeruhi mtu, na mtu yule akafa kwa jeraha lile, basi sauti ya marehemu inakuwa mali yake, na huja nayo mpaka nyumbani kwa marehemu, matanga yakishaanuliwa, jua la mchana, majirani wametawanyika na nyumba imebaki na wenyewe, akasimama nje akabisha hodi.

Nasi watu wa huku tulivyo, hodi hatuiachi ikaning'inia. Mtoto hata kutembea hajajua, keshafundishwa kuitikia karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, na hapo ndipo wanapotupatia. Asiyekaribishwa haingii; atazunguka nyumba mpaka achoke. Lakini ni nyumba gani kwetu isiyokaribisha? Akishaingia mzimamzima, kesho watakaopita hapo watakuta kuku tu wanaparura uani.

Mjomba wangu Shaban ndiye aliyenirithisha. Aliokota pete moja ya mnyororo ule wa Karanga, akaifua ikawa mkuki mfupi, huo hapo chini ya kitanda, akaniambia chuma kilichowaamsha ndicho kitakachowalaza. Sikilizeni vizuri sasa, maana hii ndiyo elimu yote niliyo nayo. Mgeni hafi porini, hafi uani, wala hafi akishakuwa ndani. Anakufa kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kwa hiyo kazi inataka watu wawili, mmoja wa kuitikia karibu na mmoja wa kusimama nyuma ya mlango na mkuki. Na msiwe na haraka. Mtu muungwana hubisha hodi mara tatu, asipojibiwa huenda zake, ndiyo adabu ya dini yetu. Ukichoma kwa hodi ya kwanza utamuua jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mgeni hana adabu hiyo. Yeye hubisha ya nne.

Kwa elimu hiyo nimekodiwa Mkotokuyana, nimekodiwa vijiji vya Ruangwa mpaka milimani, wakanilipa ufuta, wakanilipa mbuzi, wakachungulia barabarani niondoke kabla watu hawajatoka msikitini, na kikombe nilichonywea wakakiweka mbali na vikombe vingine. Asante ya punda ni mateke. Lakini sikuwalaumu hata siku moja. Nani atapenda kunywa uji na mtu aliyemfanya amsikie mama yake akichomwa mkuki mlangoni? Maana hilo, wanangu, ndilo lililonichosha, wala si meno yao wala makucha. Kila nilichokiua kilikufa kwa sauti ya mtu. Nimeitwa mjukuu na sauti za mabibi niliokuwa nimewabebea jeneza. Nimemsikia bwana harusi akimwita mkewe kwa jina la chumbani. Nimezima sauti za watu wa wilaya mbili, na zote zimo humu kifuani zinaongea kwa pamoja kama watu wa mnadani, hata kijiko cha uji nikikipeleka mdomoni nazisikia.

Nipe maji, Mustafa. Kidogo tu. Yanatosha.

Hajra. Usigeuke, sikia tu. Mama yako Zuhra alijeruhiwa mikoroshoni, akiokota mabibo, akafia humu ndani, tukamzika vizuri, watu wakaja, matanga yakaisha. Siku ile wewe ulikuwa unabangua korosho pale uani kwa ndani, msichana umeshavunja ungo, akili zako zimetimia. Hodi ikaja. Mimi nilijua palepale, kwa sababu Zuhra hakuwahi kubisha hodi kwake. Yeye akirudi alikuwa anaanza kugomba tangu kwenye mihogo, nani kaacha ndoo wazi, nani kafungulia mbuzi. Wewe hukusubiri ya pili. Ukaitikia, karibu mama, kwa furaha ambayo mpaka leo sijaisikia tena humu ndani. Nikatoka nyuma ya mlango. Ukaning'ang'ania mkono ukisema ni mama, baba, ni mama, na mimi nikapiga, na wewe ukamsikia mama yako akifa mara ya pili akikuita jina.

Tangu hapo hujanisemesha. Ulikwenda mjini, ukajifunza cherehani, ukaolewa, na harusi yako mimi nikaisikia kwa wapita njia kama habari za bei ya korosho. Iliniuma, kwa nini niseme uongo. Lakini sikukuomba msamaha na leo sikuombi, maana ningerudishwa siku ile ningepiga vilevile. Hilo tuliache lilale lilipolala. Liko lingine, ambalo shangazi yako amenidokeza, kwamba usiku husemi na mumeo ukilikumbuka. Unajiona wewe ndiye uliyemkaribisha mama yako aje auawe. Hajra, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Uliitikia kwa sababu mama yako alikufundisha kuitikia. Ungenyamaza siku ile ungekuwa mtoto wa watu wengine. Zuhra alikuwa kaburini ametulia, hakusikia mkuki wala hakusikia hodi. Karibu yako haikumuua mtu. Litue chini hilo, limekuzeesha bure.

Nimesikia umevuta pumzi. Vizuri. Usigeuke lakini.

Sasa habari ya donda. Emmanuel, mchimbaji wa kule milimani Ruangwa, alikuja hapa analia, mdogo wake amekufa kwa makucha na matanga yanakaribia kuisha. Nilimwambia nimestaafu. Akaniuliza, mzee, kwani nao wamestaafu? Nikaenda na Mustafa. Hodi ikaja kama zinavyokuja, Mustafa akaitikia ya nne vizuri kabisa, sauti haikutetemeka, wala asije mtu akamtwisha lawama mbele yenu. Mimi nikainuka kupiga, na goti likagoma. Goti tu. Yule mgeni nilimchoma begani badala ya kifuani, naye akanipasua ubavu, akatoka mbio kurudi porini na jeraha lake, mimi nikarudi na langu. Nikaficha wiki nzima, nikijifunga kitenge kiunoni kama mwanamke aliyejifungua, na mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari amefanya ya kwake, Mungu amlipe. Mwili umekataa.

Kwa hiyo mwenye macho haambiwi tazama. Mimi ninakufa kwa jeraha la mgeni. Yule aliyekimbia yuko hai, na siku mtakapoanua matanga yangu atakuja hapa na sauti hii hii mnayoisikia.

Mustafa, mpwa wangu, usinifiche uso. Juzi homa iliponipanda ulinishika mkono ukasema, mjomba, hata ukirudi kwa namna gani, mimi nitakufungulia. Ulisema kwa mapenzi, na ndilo neno lililonitia hofu kuliko makucha yale. Asubuhi yake nikamwambia mama yako ampigie simu Hajra. Wewe tangu mtoto unaniitikia kabla sijamaliza kukuita. Mtu wa namna hiyo akisimama nyuma ya mlango, akasikia mjomba wake analia na kiu, mkono utanyong'onyea, na nyumba hii itabaki na kuku.

Basi pokeeni wosia. Nyumba na mikorosho ya shambani Mtua, shehe ataigawa kwa sheria ya Mungu, wala simwongezei mtu hata tawi. Mbuzi wale wachinjwe siku ya arobaini, watu wapate kula, hata wale walioficha vikombe. Najua mila yetu inasema kitu cha mjomba ni cha mpwa, na kwa mila hiyo mkuki ungekuwa wa Mustafa. Binti, usibetue mdomo, sijamnyang'anya mwanao. Mkuki ni wa Hajra. Mustafa nimemwachia karibu yangu.

Mmeelewa? Siku ya kuanua matanga, watu wakitawanyika, ninyi wawili msitoke. Mustafa utakaa pale kwenye mkeka, mbele ya mlango, na moyo wako ule ule, usiufanye mgumu, maana mgeni hutambua karibu ya uongo. Utanyamaza ya kwanza. Utanyamaza ya pili na ya tatu, hata ukiuma kanga ya mama yako. Ya nne itikia, uitikie kama unavyoniitikia siku zote. Na wewe Hajra utakuwa nyuma ya mlango.

Atasema maneno. Atasema baba ana kiu. Atasema nilizikwa hai, nifungueni. Atakuita kwa jina la utotoni ambalo mama yako alilitunga, na pengine, hili ulijue mapema, ataomba msamaha ambao mimi leo nimeukataa kuuomba. Atauomba vizuri, kwa machozi. Usiupokee. Hajra, katika watu wote waliobaki duniani ni wewe peke yako umewahi kuisikia sauti yangu ikikuita mwaka hadi mwaka na usiitikie. Watu waliniambia, huyo binti yako ana moyo wa jiwe. Leo nashukuru jiwe hilo lipo, maana nimelihitaji. Usinisamehe leo. Usinisamehe kwenye matanga, shangazi zako wakikusihi. Unipige kwanza, kizingitini, chini ya mbavu, kwa nguvu zako zote, halafu ndipo ukae chini, ukipenda, unisamehe.

Na ikiwapo shaka dakika ile, kumbukeni hili. Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu, tofali kwa tofali. Sijawahi kubisha hodi humu, na roho yangu haitabisha.

Baada ya hapo, chuma mkitupe au mkitunze, mtajua wenyewe. Watakuja watu kulia mlangoni kama alivyokuja Emmanuel. Siwaamuru mwende, siwaamuru mkatae. Nimechoka kuamuru. Mkienda, nendeni wawili, na mle kwenu kabla ya kutoka.

Dada Binti, nigeuze kidogo. Hapo. Kumekuwa na giza, au ni macho?

Mungu awape riziki isiyonuka damu. Awape watoto wanaoitikia hodi na wageni wenye adabu. Mustafa, Mungu akutunzie upole wako, usiuonee haya. Hajra, Mungu akupe... akupe usingizi. Usingizi mzuri, ambao mimi sikuupata.

Limebaki moja, nalo nataka kulifanya ningali na pumzi, nione kwa masikio yangu kama kazi itawezekana. Nitakuita. Hii ni sauti yangu mwenyewe, ya kweli, ya mwisho, na wewe usiitikie. Mustafa, mshike bega asigeuke. Shika vizuri.

Hajra.

Hajra, mwanangu.

Hajra... baba anakuita.

Unalia. Nasikia. Lia, kulia hakukatazwi. Bado moja.

Hajra.

Hivyo hivyo, mwanangu. Hivyo hivyo.