Kibano cha Kila Jumapili

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya ndoo mbili za rangi, kati ya kibanda cha Kinyozi na kimeza cha Fundi Saa. Birika la kahawa huwa miguuni mwa Profesa, ambaye cheo chake alipewa na benchi kwa sababu hajawahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua. Asubuhi ile Fundi Saa alikuwa ameinama, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, anabadilisha betri ya saa ya mama mmoja aliyekaa pembeni akisubiri. Laiti angeinama hivyohivyo akanyamaza. Lakini moyo ulikuwa umemjaa, ukammwagika: binti yake, mwalimu wa darasa la pili, ameacha kazi Ijumaa. Watoto wanamwita Babu kwa ajili ya ndevu za kidevuni. Amepigwa leza, ule mwanga wa kuondolea nywele, mara sita, kwenye chumba cha nyuma cha saluni fulani, na ndevu ziko palepale. Tangu Ijumaa hajafungua hata pazia.

Basi ukitaka kusikia upuuzi, wape wanaume wawili kahawa na habari za mwili wa mwanamke.

Kinyozi alisema leza ni tochi tu yenye majivuno. Inaunguza ncha, nywele inakasirika, inazama ndani kujipanga upya. Profesa akamkatalia katakata. Ule, alisema, ni mwanga uleule wa kukagulia mabegi uwanja wa ndege, kazi yake ni kuona, na hakuna aliyewahi kuutuma ung'oe kitu. Kinyozi akaona anazidiwa, akaongeza chumvi: kama ni hivyo, ule mwanga wa mara sita umeshaingia kwenye damu ya binti, na hizo ndevu zitatokea mgongoni. Profesa naye hakubali kushindwa hata kwa uongo. Anamjua mke wa mtu aliyepigwa leza miguuni, nywele zikahamia masikioni mwa mumewe.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Fundi Saa hakucheka.

— Mnamsema mwanangu, alisema taratibu.

— Si tunakutafutia dawa, Fundi, alisema Profesa, akijimiminia tena.

Hapo ndipo yule mama mwenye saa alipofungua mdomo. Kumbe ni muuguzi wa ngozi, hospitalini, na alikuwa amejikaza kisabuni muda wote ule. Aliwaeleza polepole, kama mtu anayeongea na watoto wa darasa la pili. Ule mwanga unatafuta weusi wa nywele. Nywele inaumeza, unageuka joto, joto linashuka mpaka kwenye shina na kuliunguza. Mvi hazina weusi, kwa hiyo hazidhuriki. Ngozi nyeusi nayo inameza mwanga, ndiyo maana inataka mashine yake na mkono unaojua, la sivyo mtu anatoka na makovu. Tena nywele haziamki zote siku moja, kwa hiyo inabidi kurudia. Na ndevu za mwanamke mara nyingi zinasukumwa na homoni, inafaa apimwe damu.

— Lakini kwa mara sita, alisema, angalau zingepungua. Katikati ya hizo mara alikuwa anazifanyaje?

Fundi Saa alinyanyua kibano chake cha kunyanyulia vipuri vya saa, chembamba, kinang'aa.

— Namng'olea mimi. Kila Jumapili jioni, mama yake hatunaye. Halafu siku moja kabla ya leza narudia, wale wa saluni wasimwone vibaya.

Alilisema kwa fahari kidogo, masikini. Mkono wake hautetemeki, na binti hajawahi kulalamika maumivu.

Muuguzi aliangalia chini.

— Baba, ukiing'oa inatoka na shina. Mwanga unafika haukuti kitu. Hizo mara sita zote wamempiga ngozi tupu.

— Sasa angefanyaje? Aende darasani na ndevu?

— Angenyoa. Wembe unakata juu, shina linabaki. Nani aliwaambia wembe ni mbaya?

Profesa aliinamisha birika, halikutoa hata tone, naye akaendelea kuliinamisha. Kinyozi alikuwa anafuta mashine ya kunyolea ambayo ilikuwa safi.

Fundi Saa aliikumbuka siku yenyewe. Miaka miwili nyuma aliukuta wembe wa binti bafuni, akaja nao hapahapa benchini kuuliza. Kinyozi akasema wembe kwenye kidevu cha mwanamke unaotesha ndevu za beberu. Profesa akaapa kuwa ni kweli. Fundi Saa akaenda nyumbani akautupa chooni, binti akalia, halafu akakubali kuinua kidevu kwa baba yake.

Alifunga saa ya muuguzi, akamkabidhi. Akamgeukia Kinyozi.

— Nipe wembe mpya.

Kinyozi alimpa bila kumtazama usoni. Fundi Saa akaufunga kwenye karatasi, akaacha kimeza wazi, akaenda nyumbani njia nzima akitafuta neno la kuanzia, asilipate. Pazia lilikuwa bado limefungwa. Akagonga mlango wa chumba.

— Baba, alisema binti kutoka ndani, leo si Jumapili.