Javan Obala: Kutoka Jukwaa la Sokoni Hadi Kibanda cha Mtangazaji

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kutangaza michezo katika Redio Ghuba, Mzee Javan Obala anastaafu rasmi tarehe 31 Oktoba 2025. Mimi, Phelesia, nimemshikia mitambo kwa miaka kumi na minane kati ya hiyo, na kusema kweli sijui Jumamosi zitakuwaje bila yeye.

Javan ni mzaliwa wa Rusinga, na hakuanzia redioni. Alikuwa mchekeshaji katika kundi lililozunguka siku za soko, leo Oyugis, kesho Karungu. Aliimba, akapiga sarakasi, akaiga mwendo wa karani wa soko hadi karani mwenyewe akacheka. Kisha akaingia kwenye filamu. Aliigiza katika sita, na katika tano alikufa. Mamake alikataa kuzitazama mpaka mwanawe aketi kando yake, mzima, akila samaki.

Redioni alikuja na tabia ya jukwaani: watu wasichoke. Mchezo ukipooza, aliuchangamsha kwa mdomo. Siku moja aliitangaza mechi ya Oyugis kwa moto kiasi kwamba wachuuzi walifunga vibanda na kukimbilia uwanjani kipindi cha pili. Walikuta bila kwa bila, wachezaji wanatembea. Damaris, muuza nyanya, alimfuata hadi alipoketi: "Javan, wewe ulikuwa unaona ball gani? Sisi hiyo hatujaiona!"

Meneja alimpa barua ya onyo: akiongeza chumvi mara nyingine, kazi imekwisha. Mimi nilicheka. Javan hakucheka, kwa sababu kazi hii aliipenda kuliko jukwaa na filamu zote.

Mechi iliyofuata ilikuwa fainali mjini Homa Bay, timu ya nyumbani dhidi ya Migori. Kipa wa nyumbani alikuwa Cephas, mwanawe Javan. Dakika ya mwisho lilikuja shuti dogo, linajiviringisha tu. Baba mwingine angelaumu jua au mashimo ya uwanja. Javan alisema, "Mpira umepita katikati ya miguu ya kipa. Ulikuwa wa kudakwa. Kipa ni mwanangu." Kombe likaenda Migori.

Jumatatu meneja aliichana ile barua. Lakini Cephas hakumsalimu babake kwa wiki mbili, na Javan akakonda tukimwona. Wiki ya tatu Cephas alikuja studio, akaomba rekodi ya fainali, akaisikiliza mara mbili. Kisha akamgeukia babake: "Ni sawa, Baba. Sasa hata mimi nikidaka, watu wataamini."

Mzee Javan, asante kwa Jumamosi zote. Wewe na mkeo, Mama Susana, tunawaombea afya njema, starehe ya nyumbani, na mechi nyingi za kutazama ukiwa umenyamaza, kama utaweza.