Uso Wangu Ukutani

Bismillahi. Sogeeni wanangu, na wewe mwanangu Hadi, babangu, zima hiyo simu, maana pumzi zangu ni chache na sitaki kusema neno mara mbili. Mgao wenu wa nyumba hii uko katika sharia, mimi siugusi. Ninalowausia ni la uso wangu.

Jana mliponitoa hospitali nilikolala miezi, tuktuk ya Kenga ilipita Makadara ikaingia mtaani kwetu, na machozi yakanilengalenga kwa furaha, kwani mtaa niliouacha ukinuka mkojo na kumomonyoka mawe niliukuta umepakwa chokaa, milango ya nakshi imesuguliwa ikang'aa, maduka yaliyofungwa miaka yamefunguka na vijana wauza picha walizochora wenyewe. Nikamwombea dua Hadi, aliyewahangaikia mafundi mpaka nyumba zetu zikasimama tena. Ndipo Kenga akafunga breki. Akatazama ukuta wa nyumba yetu, akasoma jina langu, akanigeukia mimi na buibui langu. "Bibi Shariffa," akasema, "miaka yote nakuchukua, kumbe ndivyo ulivyo!"

Wallahi nilishituka, na hadi saa hii moyo haujatulia. Mimi! Nimechorwa uso mzima, kutoka barazani hadi roshani, mtandio umeanguka mabegani, na baka la shavuni ambalo nje ya jamaa zangu hakuna mwanamume aliyewahi kuliona. Mgeni mmoja amesimama ajipiga picha, ameliegemea shavu langu!

Jannat, mjukuu wangu, usilie. Najua ulitaka kuniheshimu, na mkono wako una kipaji, hata mikunjo ya macho hukuisahau. Waniambia mimi ndiye historia ya nyumba hii. Lakini ile roshani, ule wavu wa mbao mliouchonga upya tundu kwa tundu, mwadhani uliwekwa uwe pambo? Nyuma yake nimekaa tangu arusi yangu, nimeona arusi za watu na ugomvi wao, nimejua nani kamnunia nani, na hakuna aliyeniona. Mmeutengeneza wavu, kisha mkamtoa nje aliyekuwa nyuma yake.

Tena usiku wote limenikaa hili: nikifa mtaniosha, mtanivika sanda, mtatandaza shuka juu ya jeneza ili hata umbo langu lisionekane, kisha wanaume watanitoa kwa mlango ulio chini ya picha ile, na mimi niko ukutani, kichwa wazi, nawatazama wanavyonificha. Nani aliyewahi kuona maziko kama hayo?

Msiufute uso huo. Hadi, asije fundi akaupaka chokaa, nitakuwa sina radhi nawe. Chumba cha chini kiendelee kuwa cha watoto wa mtaa kuchorea, na anayekuja kutaka kununua nyumba mpeni kahawa, anywe, aende zake. Lakini wewe Jannat chukua brashi, unichoree wavu juu ya uso, kama ule wa roshani. Niache nyuma yake. Niwaone, wasinione. Anayetaka kujua nilikuwa nani, apige hodi... aulize.

Maji... basi, yatosha. Radhi zangu ziwe nanyi nyote, Mungu awape umri na masikizano. Hadi... nivute ukaya... usoni. Hapo.

Jannat... wafanya nini hapa bado? Nenda, mamangu. Nisitolewe... kabla rangi haijakauka.